Manjano ya Mwali

Iringa, Jumapili, 20 Januari 1957

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa boma, na kila jioni aliandika maneno mawili matatu ya siku hiyo: mvua, wageni, nani kafa. Nami naanza leo. Nyumba hii ina watu wengi wa kusema nao, wa kunisikiliza hayupo hata mmoja.

Posa imejibiwa. Mwamvita, binti wa kaka yangu Bushiri, anaolewa na Alawi wa Mbeya, mtoto wa mzee Muhidini mwenye duka la khanga. Harusi itakuwa hapa hapa Iringa, Ijumaa ya pili ya Machi, kabla Ramadhani haijatukuta. Tumefurahi sote. Mimi nimefurahi kuliko mama yake, ila hilo siwezi kulisema mbele ya mama yake. Nilipoachwa na mume nikarudi kukaa kwa kaka, Mwamvita alikuwa hajaota meno. Mgongo uliomlea ni huu wangu, na herufi zake za kwanza nilimfundisha mimi.

Kisha wifi yangu Mwanakhamisi akaniharibia chai. Alisema, huku anakoroga sukari, "Wa kumsinga mwali na kumpaka liwa tutamleta kutoka Dodoma. Yuko bibi mmoja kule ana mkono mzuri sana." Nami nimekaa hapo hapo, goti kwa goti. Mimi ninayetwanga manjano katika duka la Uhindini tangu Mwamvita anatambaa! Nusu ya wanawake wa mtaa wa Mshindo hawaungi mchuzi bila bizari yangu. Lakini mkono mzuri uko Dodoma.

Nikainuka na chai yangu nikaenda kuinywa uani. Kuondoka bila kujibu si kawaida yangu, hata kaka aligeuka kuniangalia.

23 Januari

Mvua kutwa.

27 Januari

Nimemwambia Ba habari za harusi. Ba ni mama wa mwenye duka. Ndivyo wanawe wanavyomwita, maana yake mama, nasi sote tumefuata. Baba yake huko kwao Kathiawari, Bara Hindi, alikuwa mganga wa dawa za miti na viungo, naye Ba alikua akimsagia. Kwao manjano ni haldi. Ukimsikiliza Ba, haldi haikuwahi kuwa kiungo cha mchuzi. Ni dawa ambayo wapishi wameiiba.

Yote niyajuayo nimeyatoa kwake. Anasema mwili umebeba vitu vitatu, upepo, nyongo na kohozi, na ugonjwa ni pale kimoja kinapowazidi wenzake. Mwenye kikohozi humpa maziwa ya moto yenye manjano na pilipili manga kidogo. Aliyeteguka mguu humkanda kwa manjano na chokaa. Mwaka jana nilipojikata kiganja kwa kisu alinishindilia unga mkavu wa manjano, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia, na kidonda hakikutunga usaha.

Leo nilimwuliza habari za maharusi wao. Macho yake yakachangamka. Wao humpaka mwali manjano, unga wa dengu na maziwa mpaka ngozi inakuwa laini. Nimewaza: nichukue hiyo yake, nitie na liwa yetu ya mti wa kunukia na marashi. Bibi wa Dodoma atasikia kwa mbali.

Nilipokuwa natoka akanishika mkono. "Siwema, haldi iko moto. Mtu iko na kohozi, haldi nakausha. Mtu iko na nyongo nyingi, hapana kupa yeye haldi. Wewe natia moto juu ya moto."

Nilimwambia najua, Ba. Huwa hachoki kunifundisha ninalolijua.

3 Februari

Nimeshinda. Barabara ya Dodoma imekuwa tope tupu, yule bibi ametuma salamu kwamba hawezi kuja. Kaka akasema mbele ya sote, "Siwema atamsinga mtoto, kwani nini?" Mwanakhamisi akasema haya. Halafu akaongeza, maana hawezi kuacha neno likae peke yake: "Lakini liwa inatosha, wifi. Hayo mambo yenu ya Kihindi yasije yakamgeuza mwanangu mchuzi."

Nimeyaweka hapa maneno yake yalivyo, nisije nikaambiwa nimeyatengeneza.

10 Februari

Mwamvita amewekwa ndani leo. Nimefunga madirisha ya chumba cha uani, nimetandika mkeka mpya, nimemwanzia miguuni. Manjano niliyachagua mwenyewe, vidole vinene vyenye moyo mwekundu, nikayatwanga na kuyachekecha mpaka yakawa kama poda ya uso.

Yeye mwenyewe ni mzaha tu. "Shangazi, ukishamaliza kunipaka utanitia nazi?"

"Nyamaza. Mwali hasemi."

"Alawi akininusa atataka wali."

Nikampiga begani tukacheka mpaka Mwanakhamisi akaja kusimama mlangoni kuuliza kuna nini. Tukatulia kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Niseme ukweli, nilifurahi kwamba hakujua tunacheka nini.

12 Februari

Mvua. Chekeche limetoboka.

16 Februari

Verediana, yule Mhehe anayetuletea maziwa, alikaa barazani kungoja mvua ipungue. Tukasalimiana kamwene, kamwene. Anasema, "Huko kwetu bondeni watu wanaugua, mama. Chakula hawataki, macho inakuwa ya njano. Wazee wanasema ni maji, mafuriko imeingia kwenye kisima." Mwanakhamisi akaanza kumwuliza maswali mengi, na alipoondoka tu akachemsha maziwa mara mbili. Mimi namwona mtu wa kuhangaika ovyo. Sisi ni watu wa bomba, ijapokuwa bomba lenyewe siku hizi linatoa maji ya rangi ya chai.

20 Februari

Ngozi ya mtoto imeanza kuitika. Jirani aliyeingia leo alishika mashavu yake akasema "Mashallah!" Mwanakhamisi akajibu kwamba ni damu ya kwao, wanawake wa kwao wote weupe. Damu ya kwao! Mimi mikono yangu imekuwa ya njano hadi kwenye viwiko, kucha zangu siwezi kuzitoa mbele za watu, na sifa imekwenda kwa damu ya kwao.

24 Februari

Mwamvita hali. Ameonja wali akasogeza sahani, anasema harufu ya samli inamtia kichefuchefu. Mama yake amemletea mtori, uji, ndizi, kila kitu kinarudi. Nimemwambia Mwanakhamisi aache kumbughudhi. Mwali gani anayekaribia kuolewa akamaliza sahani? Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikaa na njaa, kwa haya. Natumaini yake itamletea faida kuliko yangu.

Ana kikohozi kidogo pia. Nimempa maziwa ya manjano kama ya Ba. Aliyatapika, nikampa mengine.

28 Februari

Leo tumegombana vibaya, na nataka niandike nikiwa bado na hasira.

Nilikuwa nampaka Mwamvita mgongoni. Mwanakhamisi aliingia na taa ya chemli, akakaa mbele ya mtoto, akamwinua kidevu, akamtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Wifi, macho ya mtoto yana njano."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Nasema ninachokiona. Weupe wa jicho umekuwa wa njano. Na amechoka mno, angalia, hata kukaa anaegemea ukuta. Yale aliyosema Verediana…"

Hapo damu ikanipanda. Nilijua anakoelekea. Tangu siku ya kwanza anatafuta kosa la manjano yangu, sasa amelipata. Nikamwambia: "Mwanakhamisi, mtoto amepakwa manjano kila siku toka kichwani hadi unyayoni, na maziwa ya manjano anakunywa. Ulitaka macho yawe ya kijani? Hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imeingia mwilini. Kama hujui, uliza wanaojua, usije na habari za washamba wa bondeni."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ni mama yake."

Nikamjibu, "Na mimi ndiye ninayejua manjano."

Akainuka na taa yake. Mlangoni akageuka: "Haya, wifi. Wewe ndiye unayejua." Mwamvita alikuwa amelala kumbe, usingizi wa kukaa, kichwa ukutani. Nikamfunika.

Nimeshinda tena. Leo ushindi hauna ladha.

5 Machi

Simu ya maandishi kutoka Mbeya. Mto umefurika Igawa, magari yamelala kandokando ya barabara, bwana harusi na watu wake hawawezi kupita. Harusi imesogezwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Kaka anazunguka nyumba kama aliyepoteza funguo. Mwanakhamisi kaniuliza kama tuache kumsinga mpaka watakapokuja. Nikasema hapana, ukiacha ngozi inakauka na kazi yote inapotea. Amekubali bila neno. Tangu siku ile ananikubalia kila kitu, na sijui kwa nini hiyo nayo inaniudhi.

8 Machi

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Mvua.

10 Machi

Mwamvita ameniita pembeni kwa aibu akasema mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Nikamwambia ni yale maziwa. Anajikuna pia, mikono na tumbo. Nikamwambia dengu hukausha ngozi, nikazidisha mafuta.

"Shangazi, nikifika Mbeya nitalala mwezi mzima," akasema. "Alawi atasema ameoa gunia."

Nilicheka, lakini mzaha wake umepungua nguvu.

13 Machi

Harusi imesogezwa tena, sasa ni tarehe ishirini na mbili. Mzee Muhidini anasema ikipita hiyo tungoje hadi baada ya Idi. Mwanakhamisi amelia jikoni. Nilimsikia, nikapita.

19 Machi

Wamefika! Wametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Alawi ni kijana mwembamba, mpole, ameshika kofia yake mikononi muda wote. Wamefikia nyumba ya jirani. Shangazi yake Alawi, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, tayari amekwishauliza mwali yuko wapi, nikamwambia subira.

20 Machi, Jumatano

Nitaandika yote.

Ba amekuja. Ba ambaye hatoki dukani hata kwenda kwa daktari wa meno, amekuja kwa miguu na mwavuli, amemletea Mwamvita bangili za kioo. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwingiza chumba cha uani ili aone kazi ya mwanafunzi wake. Nikafungua dirisha, mwanga ukaingia.

Ba akasema maneno ya kumbariki kwa lugha yao. Akaushika mkono wa Mwamvita akamvisha bangili, akausugua kwa kidole chake, akatabasamu. Halafu akamtazama usoni, na lile tabasamu likaondoka. Akamvuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Siwema. Hii nini?"

"Manjano, Ba. Haldi."

"Haldi napaka ngozi. Napaka kucha, napaka nguo, napaka ukuta. Haldi hapana ingia jicho." Akanigeukia. "Wewe nakaa na mimi miaka yote hii. Yako jicho iko nyeupe. Yangu jicho iko nyeupe. Yake kwa nini njano?"

Nikaitazama mikono yangu ya njano. Nimeshinda ndani ya vumbi la manjano maisha yangu ya utu uzima, limejaa puani, masikioni, kwenye nywele. Kila asubuhi najitazama kwenye kioo, na macho yangu ni meupe. Sikuwahi kuliwaza hilo hata mara moja.

"Hii nyongo," Ba akasema. "Nyongo naingia damu. Nampa haldi kunywa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakunipigia kelele. Alimvua zile bangili alizokwisha kumvisha, akaziweka pembeni, akasema, "Peleka hospitali. Leo. Mimi dawa yake hapana." Akachukua mwavuli wake.

Nilikimbia barazani. Kaka alikuwa na mzee Muhidini na wanaume wengine wa Mbeya, wanakunywa kahawa. Sikungoja hata salamu. Nikasema, "Kaka, Mwamvita ana manjano!"

Kaka akacheka. Wote wakacheka. "Siwema, nyumba nzima ina manjano. Hata mkeka wangu wa kuswalia una manjano."

"Sisemi manjano ya kupaka! Ana manjano!"

"Ndiyo, tumesikia," akasema mzee Muhidini kwa upole, "na sifa zake zimefika hadi kwetu."

Nilisimama pale nikitafuta neno jingine. Ba ana neno lake la kiungo na neno lake la ugonjwa. Sisi kiungo, rangi na maradhi tumevipa jina moja, na lile jina kwa muda wa wiki nyingi nimelipigia ngoma mwenyewe humu ndani. Kila nilivyozidi kulitamka ndivyo walivyozidi kunitazama kama mwanamke anayetaka kusifiwa mbele ya wageni. Mwishowe nikasema ni ugonjwa, ini, nyongo, apelekwe hospitali. Uso wa kaka ukabadilika. Akaniingiza ndani kwa kunishika kiwiko na kumwita Mwanakhamisi.

Nikamwambia wifi kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia kwenye upande wa khanga.

"Mwezi uliopita nilikuambia macho ya mtoto yana njano," akasema. "Ulinijibu nini?"

"Nilikosea, wifi."

"Ulinijibu ni dalili kwamba dawa imeingia. Nikakuamini. Leo watu wamefika, wameshavuka maji, kadhi ameshaambiwa, ndipo imegeuka ugonjwa?" Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake haikupanda. "Ni nini, Siwema? Kwa kuwa wewe ndoa yako haikukaa, na ya mwanangu isikae?"

Kaka akasema, "Basi, basi. Ijumaa mtoto ataolewa, na akiwa na homa ataonwa na daktari baada ya harusi. Tukimpeleka hospitali leo wakwe watasema tumewaficha mgonjwa. Nani atamwoa tena?"

Hospitali iko pale. Kwa miguu unafika hujachoka.

Nikarudi kwa Mwamvita, nikapiga magoti, nikamwomba atembee nami, tutokee mlango wa uani. Akanitazama kwa yale macho. "Shangazi, niache," akasema. "Nimechoka. Ijumaa itakwisha nipumzike."

21 Machi

Nimekataa kumsinga. Nilimwaga ile liwa iliyokuwa kwenye bakuli, nikadhani nimefanya jambo. Mwanakhamisi alikwenda kwenye kopo langu la unga wa manjano akachota, akachanganya na liwa, akaingia chumbani na kumpaka mwenyewe. Nilisimama nje ya mlango nikimsikia anavyomwimbia. Ana sauti nzuri, sikuwahi kuijua.

Mchana nilikwenda peke yangu hospitali, nikamweleza msaidizi wa daktari. Mtu mstaarabu. Alisema mlete mgonjwa, mama, mimi siwezi kumtibu kwa kusimuliwa. Nikamwambia hawatamtoa. Akasema basi mwambie baba yake aje. Kaka hakuja.

22 Machi, Ijumaa

Nikaha imefungwa.

Walipomfunua mwali vigelegele vilitaka kuondoa bati. Kusema kweli alikuwa mzuri. Ile ngozi ilikuwa inawaka, ya dhahabu, laini, hakuna mtu aliyewahi kuona mwali wa namna ile katika mji huu. Alikuwa ameinamisha macho kama inavyompasa mwali, kwa hiyo hakuna aliyeyaona. Wanawake wawili walimshika huku na huku. Walidhani ni kwa heshima, na yeye alikuwa amewaegemea kwa uzito wake wote.

Shangazi yake Alawi akapaza sauti, "Jamani, huyu anawaka! Nani aliyemsinga?"

Mwanakhamisi akasema, "Sisi wenyewe hapa nyumbani."

Nilikwenda jikoni kuosha sinia.

24 Machi

Fungate, hapa hapa nyumbani kwetu. Chumba chao kimya. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda.

25 Machi

Alawi ametoka chumbani asubuhi, bwana harusi, ndani ya fungate, ametoka na fulana tu. Akaja moja kwa moja kwangu, si kwa mama mkwe, labda kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Shangazi, njoo. Ananiita kwa jina la mtu mwingine. Halafu analala, namwamsha haamki."

Mwamvita alikuwa amefumbua macho nusu. Aliniambia nimfungulie dirisha ng'ombe watoke. Mwanakhamisi alipoingia na kumwona alitoa sauti ambayo sitaiandika.

Alawi alimbeba mwenyewe hadi hospitali, mvua ikimpiga, hakungoja gari. Yule kijana nilikuwa nimemdharau kwa kofia yake.

26 Machi

Msaidizi wa daktari alinitambua. Daktari akauliza macho yamekuwa hivi tangu lini. Kaka aliangalia chini. Mwanakhamisi alimwangalia kaka. Nikasema, "Mwezi uliopita." Akauliza na nani aliyeona kwanza. Nikasema, "Mama yake."

Amempa dawa. Anasema ini limeshindwa, tuombe.

27 Machi

Mwamvita amefariki.

28 Machi

Tumemzika baada ya adhuhuri. Kulikuwa na jua.

Sikutegemea kuitwa kumwosha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, Mwanakhamisi akaja akasimama mbele yangu, akasema, "Njoo." Tukaingia pamoja na wanawake wawili wa mtaani wanaojua kazi hiyo.

Maji ya kwanza yalitoka ya njano. Ya pili yakatoka na njano kidogo sana, kwenye vidole. Ya tatu yalitoka meupe kabisa, na yeye bado alikuwa wa njano. Mmoja wa wale wanawake akachukua kitambaa na sabuni, akaanza kumsugua mkono. "Manjano ya harusi haya," akasema. "Haifai aende nayo kaburini." Akasugua, akatia sabuni tena. Mwenzake akaanza upande wa pili.

Nikasema, "Mwacheni. Manjano yameshatoka."

"Bi Siwema, si haya hapa?"

"Yameshatoka. Hiyo ni ngozi yake. Ni ugonjwa."

Walinielewa mara moja. Safari hii sikuhitaji neno jingine. Mwanakhamisi alikuwa amemshika kichwa, anamkausha nywele kwa taratibu, unywele kwa unywele, wala hakuinua uso.

31 Machi, Jumapili

Watu wa Mbeya wameondoka na gari la asubuhi, barabara imefunguka. Alawi alinibusu mkono. Ba amenitumia salamu nirudi dukani nikiwa tayari. Nimejibu kwamba nitarudi kufunga vifurushi vya karafuu na iliki, kinu cha manjano atafute mtu mwingine.

Kesho huenda tukafunga, mwezi ukionekana. Matanga yameanuliwa lakini wanawake bado wanakuja, wengine kutoka hata Idodi, wanakaa nasi kwenye mkeka, mimi na wifi yangu bega kwa bega, kama desturi ilivyo. Hatujagombana tangu Jumatano. Hatujasema hata neno la kugombania.

Kila anayekuja humlilia mtoto, kisha hufuta machozi na kutafuta neno zuri la kumpa mama. Na neno lenyewe ni moja. Wote walikuwa harusini, na wasiokuwapo wamesimuliwa. "Lakini siku ile aling'aa, Mwanakhamisi. Wallahi aling'aa. Hatujaona mwali kama yule."

Mwanakhamisi huitikia kwa kichwa taratibu, huweka kiganja chake juu ya goti langu, na kwa sauti ya upole kabisa humjibu kila mmoja, "Ni kazi ya shangazi yake."

Hapo mgeni hunigeukia akanisifu, nami husema ahsante.